Kichwa cha Bujiku

Jumapili, 11 Januari 1998

Tumefungwa tena, hapahapa Shinyanga, mbili bila, na timu ya Tabora ambayo mwaka jana tuliifunga tulivyotaka. Uwanja ulikuwa tope tupu, mpira ukipigwa unasimama palepale unapoangukia. Mzunguko wa kwanza umekwisha na sisi, timu ya Nyuzi, tuko wa tatu kutoka chini katika kundi letu la daraja la pili. Timu mbili zinashuka.

Donatus hajala. Alikaa sebuleni na buti zenye tope, akinung'unika majina ya mabeki mmoja mmoja, mpaka nikamvua buti mwenyewe kama mtoto. Kanuni za ligi zinataka kila timu iwe na mtu wa huduma ya kwanza. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba chenye timu hii, mume wangu ndiye mwalimu wa timu, basi begi la dawa likaangukia begani mwangu. Siku hizi katika nyumba hii hakiongelewi kitu ila mpira. Mengine yote nitayaandika hapa.

Jumatatu, 12 Januari

Mvua. Binti yetu Zipora ana mafua.

Jumapili, 18 Januari

Tumeshinda, mbili moja. Mabao yote mawili ya Bujiku.

Bujiku ana miaka ishirini na mmoja, kwao ni Samuye. Kama wenzake wote, kazi yake ni kubeba marobota ya pamba kwenye jineri ya Mzee Jashvant asubuhi, na jioni mazoezi. Chumba chake kiko nyuma ya nyumba yetu na chakula anakula kwetu. Leo baada ya mechi alimpandisha Zipora mabegani akamzungusha mtaa mzima, watu wakiimba jina lake. Zipora naye akidhani wanamwimbia yeye. Donatus amekula sahani mbili.

Jumapili, 25 Januari, Musoma

Naandika kwenye basi, herufi zinarukaruka.

Kipindi cha pili ilipigwa kona. Bujiku na beki wao waliruka pamoja, vichwa vikagongana. Mlio wake niliusikia nikiwa benchi. Nilipomfikia alikuwa amelala macho wazi. Nikamwita jina, akaniuliza hiki ni kipindi cha ngapi. Baadaye kidogo akaketi, akajipangusa tope, akasema yuko sawa. Refa akaniuliza, anaweza kuendelea? Nikamtazama Bujiku, nikamtazama Donatus kule mstarini, nikasema anaweza.

Hazikupita dakika nyingi akafunga bao la kusawazisha. Niliruka pamoja na wengine wote, begi likaanguka matopeni na bandeji zikaloa.

Jumanne, 27 Januari

Bujiku anaumwa kichwa. Nimempa Panadol.

Jumatano, 4 Februari

Mzee Jashvant amekuja nyumbani, jambo ambalo halifanyi. Aliacha viatu mlangoni, akakataa soda, akaomba maji. Alizungumza na Donatus, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizungumzia mwenyewe. Kinu kimoja kimesimama. Pamba ya wakulima inaoza maghalani vijijini kwa hii mvua wanayoiita Elinino, na barabara za kuileta zimekatika. Ndugu zake wa Mwanza wanamshauri afunge, ahamie biashara ya mafuta.

"Nawajibu, nina timu inayocheza ligi ya taifa," alisema. "Nikienda benki, nikienda mkoani, wananiita Jashvant wa Nyuzi. Timu ikishuka, Mwalimu, nitawajibu nini tena?"

Alipoondoka Donatus alibaki amesimama mlangoni. Nyumba hii ni ya jineri, na zahanati ni ya jineri. Vijana wote wanakula kwa jineri. Jineri ikifungwa watakwenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu, hakuna pengine pa kwenda. Wale waliotangulia, wawili wamerudi wakiwa wamefungwa kwenye turubai.

Jumamosi, 7 Februari

Mvua. Reli imekatika, magazeti hayajafika.

Jumapili, 15 Februari

Sare, bila bila, nyumbani. Bujiku alikosa goli ambalo hata Zipora angefunga. Watu walicheka, wakadhani ni utelezi. Mimi nilimwona baadaye nyuma ya jukwaa ameshika ukuta, anatapika.

Jumatatu, 16 Februari

Nimempeleka Bujiku hospitali. Foleni ilifika nje kwenye mvua, kila mtu na malaria yake. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimsikiliza kidogo: kichwa, kutapika, mwili mzito. Akaandika malaria. Nilimweleza habari ya kugongana Musoma. Akasema hayo ni ya mwezi uliopita, dada, angekuwa na tatizo tungeliona siku ileile. Nami nikaona ana haki. Nimeona malaria nyingi kuliko vichwa vilivyogongana.

Amemeza klorokwini. Amelala.

Jumapili, 1 Machi

Tumefungwa bila Bujiku.

Jumapili, 8 Machi

Tumefungwa tena bila Bujiku. Sasa tuko wa pili kutoka chini.

Mji umeanza kusema. Wapo wanaosema amerogwa, na katibu wa timu ameshauri apelekwe kwa mganga wa huko Ukune. Wengine wanasema haumwi kitu. Wanasema Machimbo, timu ya Geita tutakayomaliza nayo msimu, imemnunua. Jana walirusha mawe kwenye bati la chumba chake. Zipora alidhani ni mvua ya barafu, akatoka kuokota.

Jumanne, 10 Machi

Leo mezani Donatus amemuuliza. Sikutegemea. Alisubiri Bujiku amalize kunawa, akamuuliza kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mbaya kuliko ukali, kama kuna watu wa Geita waliokuja kuzungumza naye.

Bujiku hakujibu kwa muda mrefu. Siku hizi anakawia kujibu hata salamu. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenitoa kwenye ng'ombe." Akaondoka bila kula.

Nilimtazama mume wangu akiendelea kumega ugali. Tumeoana miaka tisa. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee uwanjani ambaye hakuwatukana wachezaji.

Jumapili, 22 Machi

Bujiku amerudi, tumeshinda moja bila. Amefunga kwa penalti. Kila mtu amesahau mawe.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka.

Jumapili, 5 Aprili

Sare ugenini. Kwenye basi Bujiku alilala njia nzima. Nilimwamsha tule, akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu.

Jumapili, 12 Aprili, Pasaka

Nilichinja kuku wawili. Alikuja Bujiku, akaja na Enock, golikipa na nahodha wetu, pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Kwa saa nzima nyumba ilikuwa na raha. Kisha nikamkabidhi Bujiku bakuli la mchuzi ampitishie Enock, likamponyoka mkono wa kushoto. Alilitazama pale chini, akautazama mkono wake. Wote wakacheka, Enock akasema ndiyo maana hakufanywa golikipa.

Alipokwenda kunawa nilimfuata kwa macho. Mguu wa kushoto ulikuwa unakwaruza sakafu.

Jioni nikamwambia Donatus. Nilimwambia hii si malaria, kuna kitu ndani ya kichwa, lazima apelekwe Mwanza kwenye hospitali ya rufaa, wiki hii, na asiguse mpira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mechi iliyobaki ni moja. Geita, tarehe ishirini na sita. Sare inatutosha. Baada ya hapo atampeleka Mwanza mwenyewe, hata kwa kumbeba mgongoni.

"Na akifa huko Geita?"

"Daktari amesema ni malaria, Mama Zipora. Wewe unasema ni kichwa. Mimi nimwamini nani? Nikimweka nje tutafungwa, na mimi najua hilo kama ninavyojua jina langu. Halafu vijana wote wale wataingia mashimoni. Utawapeleka wote Mwanza?"

"Hao hawajaanguka bado. Huyu anaanguka mbele ya macho yetu."

Akasema nisipige kelele, mtoto amelala. Sikuwa nimepiga kelele.

Jumatatu, 13 Aprili

Nilikwenda kwa Mzee Jashvant kuomba gari la kumpeleka Mwanza. Nilimkuta peke yake katikati ya bohari tupu. Alisema gari lipo, na daktari atalipiwa, baada ya mechi. Akasema Mwalimu ameshamweleza.

Kwa hiyo walishazungumza kabla yangu.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimemwambia Bujiku mwenyewe. Nilimkuta kitandani, dirisha amelifunika gunia kwa sababu mwanga unamuumiza. Nilimwomba akatae kucheza, arudi Samuye kwa mama yake, kisha mimi nitakwenda naye Mwanza kwa basi.

"Sista, nikicheza kichwa hakiniumi," alisema. "Kinaniuma nikikaa."

Nikamwambia huo si ukweli. Akasema anajua. Kisha akasema wakifungwa yeye akiwa nje, mawe hayataishia kwenye bati.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilipanga kumchukua Zipora niende kwetu Runzewe, nisirudi. Nilikunja nguo zote. Halafu nikafikiri: nikiondoka, nani atakuwa benchi siku hiyo? Nikazikunjua.

Donatus aliona kila kitu.

Ijumaa, 24 Aprili

Tumefika Geita kupitia kivuko cha Busisi. Basi lilikwama mara mbili, wachezaji wakashuka kusukuma. Bujiku nilimkataza kushuka, na Enock akanitazama vibaya. Zipora nimemwacha kwa mke wa Enock.

Jumatatu, 27 Aprili, Mwanza

Sasa ndiyo nimepata pa kukaa. Niandike kabla sijachanganya mambo.

Jana uwanja ulijaa tangu mchana. Wengi wa mashabiki wa Machimbo ni wachimbaji, walitoka shimoni moja kwa moja, wamekuwa wekundu kwa udongo, wengine tochi bado zimefungwa kichwani kwa mpira. Mvua ilisimama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Donatus alimpanga Bujiku mbele peke yake, akamwambia asikimbie, asubiri tu.

Kabla ya mapumziko beki wao aliteleza, mpira ukabaki matopeni mbele ya Bujiku. Aliupiga kwa mguu wa kulia, akaanguka kwa kupiga kwenyewe. Bao. Wenzake walimlalia juu, mimi nikawa nawapigia kelele wamtoke kichwani, na kila mtu alidhani nashangilia.

Ikafika mapumziko. Nilimwomba Donatus ambadilishe Bujiku. Akasema subiri. Baadaye akawatoa wengine watatu waliochoka, na akiba ikawa imekwisha. Sijui kama alifanya hivyo kwa mchezo au ili nisimwombe tena. Nimejiuliza usiku kucha.

Mechi ilikuwa imekaribia kwisha, bado moja bila, Bujiku alipokaa chini katikati ya uwanja. Hakuguswa na mtu. Alikaa tu, kama mtu aliyefika kivulini. Refa akapiga filimbi, nikakimbia. Nilimfungua macho. Mboni ya kulia ilikuwa kubwa, imetanda, haishtuki kwa mwanga. Ya kushoto ndogo: ubongo unabanwa. Nimesomea haya miaka mingi iliyopita na sikuwahi kuyaona kwa macho yangu, lakini hayahitaji kuonwa mara mbili.

Refa akaniuliza, anaendelea? Donatus alikuwa ameshaingia uwanjani, amepiga magoti kwenye tope upande wa pili.

"Asimame tu pale mbele," alisema. "Mama Zipora, asimame tu. Wakimwona amesimama watabakiza mabeki wawili nyuma. Zimebaki dakika chache."

"Hapana."

"Nakuomba."

Sijawahi kumsikia mume wangu akiomba. Enock naye alikuwa ametoka golini, wote wamenizunguka, na nyuso zao sitaki kuzieleza. Nilimwambia refa kwamba huyu haendelei, na kwamba nahitaji gari. Nilisema kwa sauti ili asiweze kujifanya hajasikia.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Aliyejitokeza ni Taufiq, mnunuzi wa dhahabu wa hapo Geita, shabiki wa Machimbo, amejifunga skafu yao shingoni. Aliacha kiti chake, akaleta Landrova mpaka mstarini, wakamlaza Bujiku nyuma, kichwa mapajani mwangu. Hatujafika hata barabarani uwanja ukalipuka nyuma yetu. Taufiq aliusikia, timu yake imesawazisha, akakaza usukani. Tulipokuwa tunaingia lango la hospitali ukalipuka mara ya pili.

Hawakuwa na chombo cha kufungulia kichwa. Walimwekea dripu, wakasema Mwanza, na kivuko kimeshafungwa mpaka alfajiri.

Donatus alikuja kabla giza halijaingia. Alisimama mlangoni, tope limemkaukia magotini. Alisema tumefungwa mbili moja, ingawa sikumuuliza. Akasema mashabiki waliotufuata wanavunja vioo vya basi, na kwamba lazima arudi na vijana Shinyanga. Alimtazama Bujiku, akanitazama. Nilikuwa nimeshika dripu juu kwa sababu kitanda hakina mti wa kutundikia. Akaondoka.

Alfajiri Taufiq alikuwa amelala garini nje, hakwenda kwake. Alitufikisha Busisi, akatuvusha, akatuleta mpaka hapa.

Walimtoboa fuvu saa nne asubuhi. Daktari mpasuaji, mama mtu mzima, alitoka akaniambia damu iliyotoka ni nyeusi kama mafuta machafu ya gari, ya miezi, na juu yake kuna nyekundu mpya. Akauliza aliumia lini. Nikasema Januari. Akauliza alikuwa anatibiwa nini tangu Januari. Nikajibu.

Yuko hai. Hajaamka.

Jumatano, 29 Aprili

Hajaamka.

Alhamisi, 30 Aprili

Mama yake amefika, Mama Mariana, kwa miguu mpaka barabara kuu kisha lori la chumvi. Nilimpigia magoti, nikamwambia shikamoo. Aliitikia marahaba, akapita, akaenda kukaa kitandani kwa mwanawe. Nilimweleza yote tangu Musoma, pamoja na lile swali la refa na jibu langu la siku ile. Alikuwa anampangusa mwanawe midomo kwa kitambaa.

"Mimi niliwapa mtu," alisema. "Nyinyi mlikuwa mnamwita mshambuliaji."

Hakunifukuza.

Jumamosi, 2 Mei

Amefungua macho. Amesema, lakini ni Kisukuma tu. Kiswahili kimemtoka chote. Namwuliza, hanielewi, ananitazama kwa heshima kama mgeni. Mama yake ananitafsiria. Anataka maziwa ya mgando. Mguu na mkono wa kushoto havifanyi kazi.

Jumatano, 6 Mei

Enock amepita wodini na wenzake saba. Kila mmoja ana begi, na mmoja ana sururu iliyofungwa kwa gunia. Jineri imefungwa Jumatatu. Mzee Jashvant aliwaita wote, akalia mbele yao, akawaambia hana jinsi. Wanavuka leo kwenda Geita, kuna mahali ambapo mchimbaji mpya haulizwi maswali.

Walisimama kuzunguka kitanda. Bujiku aliwatazama wote, hakumjua hata mmoja. Waliposhuka ngazi Enock alibaki nyuma.

"Sista, sisemi kwamba ulikosea," alisema. "Nimemwona mwenyewe alivyo. Lakini mimi nina watoto wanne. Sijui nikuchukie au nikushukuru, na kule chini nitakuwa na muda wa kufikiri."

Nikamwambia mvua haijaisha, asiingie shimo lenye maji. Akanipa mkono.

Jumapili, 10 Mei

Donatus amekuja na Zipora. Amekonda. Nyumba tumeambiwa tuihame, vitu viko kwa padri. Alisimama mbele ya Mama Mariana, akashindwa kusema alichokuja kusema, akabaki amesimama hivyo mpaka mama mwenyewe akamwonyesha pa kukaa.

Mimi sikukaa nao. Nimemlaza Zipora, nikaenda kufua.

Alhamisi, 14 Mei

Kila asubuhi Donatus anamwosha Bujiku, anamlisha, anamgeuza. Wauguzi wanadhani ni kaka yake. Usiku analala sakafuni kwenye korido. Sijui amejifunza wapi maneno ya Kisukuma, nadhani Mama Mariana anamfundisha, maana nawasikia.

Siwezi kusema nimemsamehe. Mimi mwenyewe sijajua nimsamehe nani kwanza.

Jumanne, 19 Mei

Wamesema kitanda kinahitajika. Jumamosi Bujiku atarudishwa Samuye. Daktari anasema huenda akatembea, huenda asitembee, mpira asahau. Sisi hatujui tutakwenda wapi. Donatus amesikia kuna shule huko Buseresere inatafuta mlinzi.

Leo mchana nilitoka na beseni nikawakuta koridoni. Donatus alikuwa amemkumbatia Bujiku kiunoni kwa upande wa kulia, anamsogeza hatua kwa hatua, jasho linawatoka wote. Alikuwa anamwelekeza kwa sauti ileile ya mazoezi, ya chini, bila tusi, kwa Kisukuma kibovu. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Walifika dirishani, wakageuka, wakafika mlangoni. Bujiku alitetemeka mwili mzima.

"Basi," Donatus alimwambia. "Leo basi."

Bujiku alivuta pumzi, akatafuta neno kwa muda mrefu, midomo ikihangaika.

"Bado," alisema, kwa Kiswahili.

Donatus akainua uso, akaniona. Hakuniita. Upande wa kushoto haukuwa na mtu. Niliweka beseni chini, nikaingia chini ya mkono ule, ulikuwa mzito kama gunia lililoloa, na tukageuka wote watatu kuelekea dirishani.